Jiwe Ndilo Chujio

Mazungumzo kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, Dar es Salaam

Wazee wangu, shikamooni. Dada zangu na kaka zangu, habari za jioni. Mlinialika saa kumi, nikafika saa kumi na nusu, tumeanza saa kumi na moja na robo, kwa hiyo hakuna wa kumlaumu mwenzake.

Mliniomba nizungumzie chujio lipi linafaa kwa tangi la matumbawe la nyumbani. Najua kuna waliokuja na kalamu ili waandike jina la mashine na bei yake. Wekeni kalamu kwanza. Tangi langu la sebuleni ni la lita 200. Lina mawe yapata kilo 25, mchanga kidogo, pampu mbili za kuzungusha maji, taa, na feni ya mezani inayopuliza juu ya maji. Lina samaki watatu. Huu ni mwaka wa saba, na halina chujio la mashine. Maji yanachujwa na jiwe. Na jiwe linaiweza kazi hiyo kwa sababu samaki ni watatu. Wangekuwa tisa, jiwe lile lile lingeshindwa.

Nina hakika, maana kwenye tangi langu la kwanza walikuwa tisa.

Nilikuwa mwalimu wa baiolojia wakati ule, na mwalimu wa baiolojia hudhani anajua. Muuzaji aliniambia chujio likiwa kubwa, idadi ya samaki si neno. Nikanunua lile la kopo kubwa linalokaa chini ya meza, limejaa sponji na vigae vidogo. Nikaweka kangaja wawili, kikande mmoja, na wengine sita ambao leo naona haya kuwataja kwa kuwa hata kula pamoja walikuwa hawawezi. Maji yalikuwa maangavu kama ya dafu. Lakini nilipoanza kupima nitrati, mabaki ya taka ya samaki yaliyoyeyuka majini, kipimo kilipita miligramu 80 kwa lita, na mawe yakaota mwani wa nywele hadi yakafanana na mbuzi. Halafu siku moja umeme ukakatika mchana kwa saa sita. Ndani ya lile kopo lililofungwa, bakteria walimaliza oksijeni wakaanza kufa na kuoza. Umeme uliporudi, pampu ikasukuma ule uozo wote ndani ya tangi kwa dakika chache. Alfajiri niliopoa samaki watano. Kikande alibaki hai, lakini kikande ni kikande, hafi kirahisi.

Sisemi mashine ni mbovu. Nasema nilikuwa nimekabidhi uhai wa samaki tisa kwa kopo moja na waya mmoja.

Sasa nitawapeleka Jakarta kidogo. Miaka ya 1950, waliofuga samaki wa baharini Ulaya na Marekani waliliendesha tangi kama chumba cha upasuaji. Matumbawe yaliyowekwa ndani yalikuwa mifupa mitupu iliyopaushwa kwa dawa hadi ikawa myeupe kama chaki. Kilichoota kilisuguliwa. Jakarta alikuwako mfugaji aitwaye Lee Chin Eng, na yeye alifanya kinyume. Alitumia maji ya bahari yenyewe, mawe yaliyotoka mwambani na viumbe wake wakiwa hai, mwanga wa kutosha, na mapovu ya hewa ya kuyatingisha maji. Hakuwa na chujio. Mwaka 1961 makala yake ilitoka katika jarida la wafugaji la Marekani, na watu wakashangaa: matumbawe hai ndani ya kioo, bila mtambo!

Wengi walioiga ng'ambo walishindwa. Jiwe likisafiri siku nyingi nje ya maji, viumbe wake hufa, na jiwe lililokufa ni sawa na kutumbukiza kilo kadhaa za nyama iliyooza. Kisha wakajaza samaki. Waliona mawe ya yule mzee, hawakuona uchache wa samaki wake. Ilichukua miaka hadi wafugaji wa Ujerumani, hasa wa Berlin, waliporudia mawe hai kwa bidii na kuongeza taa kali na mtambo wa povu unaotoa uchafu majini. Leo karibu kila tangi la matumbawe duniani linategemea jiwe, hata kama mwenyewe anajisifia mashine.

Kwa nini jiwe? Hapa nitakaa kidogo, mnivumilie.

Samaki anapokula, sehemu kubwa ya taka yake haitoki kwa choo. Hutoka kupitia matamvua, nayo ni amonia. Amonia ni sumu hata ikiwa kidogo. Kuna bakteria wanaoigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, na wengine wanaoigeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huivumilia. Hao wote wanahitaji oksijeni, na wanaishi mahali popote penye uso mgumu na maji yanayopita: kioo, mchanga, sponji, vigae vya lile kopo langu. Kwa hiyo kopo lilifanya kazi yake vizuri sana, lakini kazi yake iliishia kwenye nitrati. Hapo lilifika mwisho wa reli.

Jiwe lina zaidi ya uso. Lichukulieni kama nyumba za kwetu. Nje kuna baraza: upepo upo, wapita njia wapo, kahawa ipo. Ukiingia kuna ukumbi. Ukizidi kwenda ndani kuna chumba cha ndani kabisa, giza, ambacho mgeni hafiki. Kwenye baraza la jiwe wanakaa bakteria wa oksijeni, na wanaimaliza kabla haijapenya mbali. Chumba cha ndani hakina oksijeni ya kuvuta. Bakteria wa huko wanainyang'anya nitrati oksijeni yake, na kinachobaki ni naitrojeni, gesi ile ile ambayo ni asilimia 78 ya hewa tunayovuta humu ukumbini. Inapanda juu, inatoka, imekwenda zake. Taka ya samaki imegeuka hewa.

Sasa angalieni jambo ambalo muuzaji hatakuambia. Maji hayasukumwi kwenda chumba cha ndani. Yanapenya polepole, kama unyevu unavyopenya ukuta wa chokaa. Huwezi kuuharakisha mwendo huo kwa kununua pampu kubwa zaidi. Jiwe lina kasi yake. Ukileta taka kwa kasi ya jiwe, nitrati inakaa chini. Ukileta kwa kasi inayoizidi, inapanda, na jiwe halina kosa. Ndiyo maana nikiulizwa nguvu ya chujio langu, mimi hutaja idadi ya samaki.

Hao watatu ni nani? Wawili ni wale wadogo wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe ambao watoto wote wanawajua, na mmoja ni samaki wa mchangani asiyezidi urefu wa kidole. Kangaja sina tena. Mwambani kangaja anazurura kutwa akichunga mwani. Kumtia kwenye lita 200 ni kumfuga farasi kwenye banda la kuku.

Nikifika hapa mara nyingi mtu husema: basi mwalimu, mawe yakiwa mengi na samaki wachache, mambo yamekwisha. Hayajaisha, kwa sababu ya fosfati, chumvi inayorutubisha mwani.

Kila chembe ya chakula unachotia ina fosfati. Nitrati ina njia ya kugeuka gesi ikaruka. Fosfati haina mabawa. Ikiingia, inabaki: ndani ya maji, ndani ya mwani, au imejibandika kwenye chokaa ya mawe na mchanga ikisubiri. Haba na haba hujaza kibaba, na mwaka wa pili kibaba kinamwagika. Unaona mwani wa nywele, unapima maji, kipimo kinasoma sifuri, unasema kipimo kimeharibika. Hakijaharibika. Mwani umeshainywa yote kabla hujaipima.

Dawa yake wanaijua akina mama wa Paje na Jambiani kuliko tunavyoijua sisi wenye digrii. Zao la mwani lilipoanza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, hakuna aliyepeleka mbolea baharini. Mwani unajitafutia chakula chake ndani ya maji, na unapouvuna, chakula hicho kinatoka nao kwenda kukaushwa ufukweni. Fanya hivyo hivyo nyumbani. Kando ya tangi langu kuna ndoo ya plastiki ya lita 20 yenye taa yake, na maji yanapita humo taratibu. Ndani kuna mwani wa nyuzi, Chaetomorpha kwa jina la kitabuni, unaofanana na uzi wa kushonea uliochezewa na paka. Haujishikizi kwenye jiwe, hauna sumu, na unakua. Kila baada ya wiki tatu navuta nusu yake, nautoa. Fosfati imetoka mlangoni.

Taa ya ndoo naiwasha usiku, ile ya tangi ikizimwa. Gizani kila kiumbe kinavuta oksijeni na kutoa hewa ya ukaa, na maji yanaelekea kwenye asidi. Mwani wa ndoo ukiwa kazini usiku, hali hiyo inapungua. Zaidi ya hapo, ndoo haina samaki, kwa hiyo vidudu vya saizi ya punje ya mchele vimezaana humo bila kuogopa, na kila usiku vichache vinachukuliwa na maji hadi kwenye tangi. Yule samaki wangu wa mchangani hujilia hivyo.

Kuna mwani mwingine mzuri wa macho, wenye majani kama manyoya na mizizi inayotambaa, Caulerpa. Uogopeni kidogo. Siku ukiamua kutoa mbegu zake, unapasuka wote kwa pamoja, maji yanageuka maziwa ya kijani, na kila ulichohifadhi ndani yake kinarudi kwenye tangi kwa usiku mmoja.

Mchanga nitaupita haraka. Ama uwe mwembamba, sentimita moja au mbili unaoweza kuusafisha, ama uwe mnene, sentimita kumi na kuendelea, wenye minyoo na konokono wa kuuchimba, usioguswa kamwe. Huo mnene unafanya kazi ile ya chumba cha ndani. Wa katikati ndio unaosumbua. Na jongoo bahari, tafadhali, muacheni baharini. Anahitaji mchanga mwingi kuliko wenu, atakonda, atakufa, na akifa anaweza kuachia sumu itakayoua waliobaki.

Haya, mawe yatoke wapi. Naona vijana wawili pale nyuma wanatazamana, na nadhani nimewaelewa. Jibu ni hapana. Hatuendi na nyundo mwambani maji yakitoka. Joto la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani hii yote, na baruti zimekula sehemu nyingine. Hata biashara ya kimataifa ya matumbawe magumu, na mawe hai pamoja nayo, ipo chini ya CITES, mkataba wa biashara ya viumbe walio hatarini. Kabla ya kugusa chochote kilicho hai huko, swali la kwanza liwe kwa watu wa uvuvi.

Lakini sisi wa pwani tumekalia mwamba mkavu. Jiwe lililochimbwa Kunduchi ni matumbawe ya kale, yaliyobaki nchi kavu bahari iliposhuka. Wazee wetu walilijengea misikiti na nyumba, wakalichoma wakapata chokaa. Mimi nilinunua mawe yangu kwa wapasua mawe, nikachagua mepesi yenye matundu. Namna ya kuyapima ni rahisi: mwagia kikombe cha maji juu. Yakitiririka pembeni, acha. Yakizama ndani, chukua. Nilisugua udongo mwekundu wote, nikayaloweka kwenye pipa kwa wiki nyingi nikibadilisha maji, kisha nikayahamishia kwenye maji ya bahari gizani pamoja na pampu. Mwenzangu mwenye tangi la miaka mingi alinipa jiwe moja la ukubwa wa ngumi na kikombe cha mchanga. Hiyo ndiyo ilikuwa mbegu.

Nilitupia kipande cha kamba, si ile ya kufungia, wale wa kula. Kikaoza. Amonia ikapanda, ikashuka. Nitriti ikapanda, ikashuka. Ilichukua wiki saba. Halafu utando wa kahawia, halafu kijani, mke wangu akauliza kama tunafuga kinamasi. Mwezi wa tano nikaona doa la zambarau kwenye jiwe, kama mtu amemwagia juisi ya zambarau: mwani wa chokaa. Samaki wa kwanza aliingia mwezi wa sita. Hesabuni wenyewe. Mwezi wa pili nilitamani sana kununua dawa ya kuua mwani, na nashukuru kwamba mshahara ulichelewa.

Maji. Ukichota baharini, chota bamvua wakati maji yamejaa, mbali na midomo ya mito, na si wakati wa masika. Mvua kubwa inapunguza chumvi na kuleta taka za mjini. Haidromita, kile kipimo cha chumvi, isome kama 1.025. Ninabadilisha lita 20 kila baada ya wiki mbili, na kwa tangi lenye matumbawe laini hayo yanatosha kurudisha kalsiamu na madini mengine yanayotumika. Wenye matumbawe magumu mengi hudondoshea maji ya chokaa usiku, tone kwa tone. Msichukue chokaa ya dukani ya kupaka ukuta kwa ajili hiyo.

Joto ndilo adui yetu kuliko wingi wa samaki. Februari sebule yangu inafika nyuzi 32, na matumbawe mengi yanaanza kupata shida maji yakizidi nyuzi 30. Sina mtambo wa kupoza. Nina feni. Ni mtungi wa bibi: maji yanayovukizwa yanaondoka na joto, na tangi linashuka nyuzi mbili hadi tatu. Bei yake ni kwamba lita tatu au nne zinapotea kila siku, nazo zirudishwe kwa maji baridi yasiyo na chumvi, maana chumvi haivukizwi. Msitumie maji ya visima vyetu; mengi yana chumvi na nitrati tayari. Ya mvua kutoka kwenye bati yanaweza kuja na zinki, na matumbawe na konokono hawaipendi. Mimi natumia yale ya kunywa yaliyochujwa, ya dumu kubwa.

Na umeme ukikatika? Jana tu ulikatika saa nne usiku. Nilitundika pampu ya hewa ya betri, ile ya kusafirishia samaki, nikaenda kulala. Samaki watatu wadogo wanavuta oksijeni kidogo. Mawe yako wazi ndani ya maji, hayamo ndani ya kopo. Kuanzia pale alfajiri ya samaki watano hadi leo, sijawahi kuamka kuangalia saa.

Mzee wangu hapa mbele aliniuliza kabla hatujaanza: je, asiyetaka kupima maji, atajuaje jiwe limezidiwa? Nilimwambia nitajibu mbele ya wote. Tazama kioo, mzee. Ukilazimika kukifuta utando wa kijani kila wiki au zaidi ya wiki, mambo ni sawa. Ikifika unakifuta kila siku mbili, taka inaingia kwa kasi kuliko inavyotoka. Usikimbilie dukani. Punguza chakula kwanza. Samaki wangu wanakula kipande kidogo mara moja kwa siku, Ijumaa hawali kabisa, na wamenenepa. Kinachobaki kwenye vidole baada ya kuwalisha kinafutwa kwenye kanga ya mke wangu, hakisuuzwi kwenye tangi. Kanga ina malalamiko yake, tumeyazungumza.

Nimeambiwa muda umekwisha na ukumbi una harusi. Kwenye ile ndoo ya bluu mlangoni kuna mwani wa nyuzi niliovuna asubuhi, umejaa fosfati za wiki tatu. Nimeugawa kwenye mifuko kumi na minne, na kila mfuko una maji kidogo. Chukueni mmoja mmoja. Wa daladala washike mfuko mkononi, usiwekwe dirishani kwenye jua. Na mkifika nyumbani uchambueni kwanza kwenye beseni, kwani kuna konokono wadogo wawili watatu waliojificha, na sikumbuki niliwaweka kwenye mfuko upi.